Kosa lililosemwa mara moja kisha likafutwa: Jinsi data ilivyopotea huku kompyuta ikisema ni shwari

MWISHONI mwa Machi 2018, mhandisi wa programu Craig Ringer aliwaandikia wenzake wanaotunza hifadhidata ya PostgreSQL ujumbe ulioanzisha mjadala mkali. Mteja mmoja alikuwa amepata data iliyoharibika baada ya mitambo yake ya kuhifadhia kuwa na hitilafu.

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Diski ni chombo cha kuchakaa, na kila mwenye kompyuta anajua kwamba iko siku itamwangusha. Ajabu ni yaliyofuata. Diski ilipokataa kuandika, kosa liliripotiwa. Hifadhidata ikalisikia, ikajaribu tena, na safari hii ikajibiwa kuwa kazi imefanyika. Haikuwa imefanyika. Data haikuwa imefika kwenye diski, wala hakuna aliyejaribu kuiandika mara ya pili. Kilichobadilika kati ya jibu la kwanza na la pili ni kwamba kosa lilikuwa limefutwa katika vitabu vya kompyuta yenyewe.

Mjadala ulipopamba moto, kambi mbili zilijitokeza. Watu wa hifadhidata waliona kwamba kiini cha Linux, yaani ile programu kuu inayosimama kati ya diski na programu nyingine zote, kimewahadaa. Watu wa kiini nao wakauliza ni nani aliyewahi kuwaahidi kwamba kujaribu tena kungefaa.

Msomaji anaweza kuuliza ugomvi huo wa wahandisi wa ng'ambo unamhusu nini. Unamhusu. Kiini cha Linux ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani, na ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android. PostgreSQL nayo ndiyo hifadhidata inayotumiwa na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao Kenya iliusambaza kote nchini mwaka wa 2011. Idadi ya watoto waliochanjwa katika zahanati ya kijijini na visa vya malaria vya mwezi mzima huingizwa katika mfumo wa aina hiyo. Karani wa zahanati anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, hana namna ya kuichungulia diski kwa macho yake. Hutegemea neno la mashine, na mashine nayo hutegemea neno la kiini.

Ili kuelewa neno hilo lilivyogeuka uongo, hapana budi kufuata safari ya data kutoka kwa mwandishi hadi kwenye diski.

Programu inapoandika katika faili, data haiendi moja kwa moja kwenye diski. Kiini huipokea, huitia katika kurasa za kumbukumbu ya muda, kisha humjibu mwandishi papo hapo kuwa imepokewa. Kurasa hizo huitwa chafu, maana zina maneno ambayo diski bado haijayapata. Kiini huzipeleka baadaye kwa wakati wake. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, ukurasa unaweza kukaa takriban nusu dakika kabla ya kuhesabiwa kuwa umechelewa. Mpango huu una faida kubwa. Diski ni nzito mno ikilinganishwa na kumbukumbu, na programu zote zingejikokota kama konokono iwapo kila neno lingesubiri kuandikwa kabla ya jingine kuanza.

Hasara yake ni kwamba umeme ukikatika katika muda huo, kilichokuwa kumbukumbuni hutoweka. Wakenya waliokaa gizani usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu kote nchini, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana ipo amri iitwayo fsync. Programu inayoitoa huwa inamwambia kiini: chukua kila kilicho chafu katika faili hii, ukiandike kwenye diski sasa hivi, wala usinijibu mpaka uhakikishe. Kwa hifadhidata, jibu la amri hiyo ni kama mhuri wa benki kwenye stakabadhi. Kabla ya mhuri, hakuna anayeruhusiwa kumwambia mteja kuwa pesa zimeingia.

Lakini kuna jambo ambalo waliobuni mpango huu hawakulipa uzito wa kutosha. Anayegundua kwamba diski imekataa si yule aliyeileta data. Kiini huandika chinichini, pengine sekunde nyingi baada ya programu kuondoka. Huenda aliyeandika amekwisha kuifunga faili na kwenda zake. Huenda faili hiyo hiyo imefunguliwa na programu tano. Kosa linapotokea, aambiwe nani? Na akishaambiwa mmoja, wengine wachukuliwe kuwa wamesikia?

Kwa miaka mingi jibu la Linux lilikuwa jepesi kupita kiasi. Kila faili ilikuwa na bendera moja ya kosa. Diski ikikataa, bendera hupandishwa. Wa kwanza kutoa amri ya fsync huonyeshwa bendera, kisha bendera hushushwa. Wa pili hukuta mlingoti mtupu na kujibiwa kuwa mambo ni shwari. Aidha, haikujali kama huyo wa kwanza ndiye aliyeandika data hiyo, au ni mpita njia aliyekuwa na faili hiyo mkononi kwa sababu zake mwenyewe.

Ni mithili ya mhazini wa chama anayegundua kuwa michango ya mwezi imeibwa, akamwambia mwanachama wa kwanza kuuliza, kisha akaandika daftarini kuwa hesabu zimekamilika. Kila anayeuliza baada ya hapo huonyeshwa daftari.

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Diski ilipokataa kuandika ukurasa, kiini hakikuuacha ukiwa chafu ili ujaribiwe tena. Kiliuhesabu kuwa safi, kana kwamba umeandikwa. Amri ya pili ya fsync ilipokuja, haikukuta chochote cha kupeleka, na kwa hiyo ilijibu kuwa imemaliza kazi. Kwa tafsiri finyu ya maneno, haikusema uongo: kazi haikuwepo.

Watetezi wa kiini wana sababu yao, na haifai kupuuzwa. Theodore Ts'o, anayejulikana kwa kazi yake katika mfumo wa faili wa ext4, alieleza katika mjadala huo wa 2018 kwamba tukio la kawaida zaidi la diski kukataa ni mtu kuchomoa kijiti cha USB kabla ya wakati. Kijiti hicho huenda kisirudishwe kamwe. Endapo kiini kingeng'ang'ania kurasa zake chafu milele, kumbukumbu ingejaa mizigo isiyo na mahali pa kupelekwa hadi mashine nzima ikwame. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, kutupa kurasa hizo ni nafuu.

Sababu hiyo ina mashiko kwa kijiti cha USB. Ni vigumu kuikubali kwa seva ya benki. Siku hizi seva nyingi haziandiki kwenye diski iliyofungwa ndani yake bali kwenye mitambo ya mbali kupitia mtandao, na huko makosa mengi ni ya kupita. Waya ukilegea au nafasi iliyokodiwa ikijaa, uandishi hukataliwa kwa dakika chache, kisha hali hurejea. Diski haijafa, imekataa tu kwa muda. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kifaa kilichokwenda zake ikatumiwa kwa kifaa kilichopepesa macho.

PostgreSQL iliumizwa zaidi na kanuni hiyo kwa sababu ya namna inavyofanya kazi. Hifadhidata hii huandika kila badiliko kwanza katika shajara, kisha katika faili kuu. Kila baada ya muda hufanya ukaguzi: faili kuu zilizoguswa husukumwa kwenye diski kwa fsync, na zikithibitishwa, sehemu ya zamani ya shajara huachiliwa ili nafasi yake itumiwe upya. Mpango ni imara, ilmradi mhuri ni wa kweli.

Sasa tazama kilichotokea. Fsync ya kwanza ilileta kosa. Ukaguzi ukaahirishwa, shajara ikahifadhiwa, na hadi hapo hakuna kilichoharibika. Ukaguzi uliporudiwa, fsync ya pili ikajibu kwamba ni shwari. Hifadhidata ikaamini na kuiachilia shajara. Nakala ya pekee iliyokuwa imebakia ya badiliko hilo ikafutwa na mwenyewe, kwa mikono yake, akiamini anafagia takataka.

PostgreSQL ilikuwa imeitegemea amri hiyo kwa namna hiyo kwa takriban miaka 20. Ni muda mrefu kwa programu ambayo sifa yake kubwa ni uangalifu. Ila si haki kuwalaumu wao pekee, maana waraka unaoweka kanuni za mifumo ya aina ya Unix husema kuwa fsync inaweza kurudisha kosa, bila kufafanua hali ya data iwe ipi baada ya hapo. Kila upande ulijaza pengo hilo kwa dhana yake. Wa hifadhidata walidhani kosa litaendelea kusemwa hadi litatuliwe. Wa kiini walidhani kulisema mara moja kunatosha.

Cha kushangaza ni kwamba ukarabati wa kiini ulikuwa umeanza kabla ya ujumbe wa Ringer. Jeff Layton, mtaalamu wa mifumo ya faili katika Linux, alikuwa amechoshwa na ile bendera moja. Katika toleo la 4.13 lililotoka Septemba 2017, aliiondoa na kuweka namba. Kila kosa jipya huisogeza namba hiyo mbele. Kila anayefungua faili hukariri namba aliyoikuta, na anapotoa amri ya fsync, namba yake hulinganishwa na ya faili. Zikitofautiana, ina maana kosa limetokea tangu alipofungua, naye huambiwa. Kuambiwa kwake hakumnyimi mwingine haki ya kuambiwa. Yote hayo yametiwa katika nafasi ya biti 32 tu, pamoja na alama ya kuonyesha iwapo kosa limewahi kuonwa na mtu yeyote.

Ni kazi ya ustadi, na iliondoa udhalimu wa wa kwanza kuwanyang'anya wengine. Hata hivyo, ilileta kasoro mpya ambayo iliwagonga watu wa PostgreSQL moja kwa moja. Mfumo wa Layton ulimhudumia aliyekuwa ameifungua faili kabla ya kosa. Katika PostgreSQL, anayeandika na anayekagua si mmoja. Michakato ya wateja huandika na huenda ikafunga faili. Mchakato wa ukaguzi huja baadaye na kuifungua upya. Akifungua baada ya kosa kutokea, hukariri namba ambayo tayari imesogea, na kwake hakuna tofauti yoyote. Kabla ya 4.13 angalau mkaguzi angeliambiwa mara moja. Baada yake angeweza kukosa kuambiwa kabisa.

Wasimamizi wa kiini walikutana Aprili 2018 huko Park City, jimbo la Utah nchini Marekani, katika mkutano wao wa kila mwaka kuhusu hifadhi na mifumo ya faili, na suala hili likajadiliwa pamoja na watu wa PostgreSQL. Suluhu iliyopita mwaka huo iliandikwa na Matthew Wilcox, nayo ni fupi: ikiwa kosa halijawahi kuonwa na yeyote, basi anayefungua faili baadaye huonyeshwa. Hapo ile alama ndogo ya "limeonwa au halijaonwa" ikapata kazi yake kamili.

Kwa upande wao, watunzaji wa PostgreSQL walichukua hatua ambayo kwa mtazamo wa kwanza inaonekana ya kihoro. Katika matoleo ya Februari 14, 2019, yaliyohusu hifadhidata yao kuanzia 9.4 hadi 11, fsync ya faili za data ikishindwa, hifadhidata haijaribu tena. Hujizima papo hapo. Inapowashwa husoma shajara, ambayo safari hii haijaachiliwa, na kuyarudia mabadiliko yote tangu ukaguzi wa mwisho uliofaulu. Upo mpangilio wa kurejesha tabia ya zamani kwa mifumo inayoweza kuaminiwa, lakini kwa kawaida umefungwa. MySQL na MongoDB zilifuata mkondo huo huo.

Msimamizi wa seva anayeamshwa saa nane za usiku kwa sababu hifadhidata imejizima hatashukuru. Lakini wateja wake watakuwa na sababu ya kushukuru. Kujizima ni kelele, na kelele husikika. Kasoro ya zamani ilikuwa ya kimya: hifadhidata iliendelea kutoa huduma, ripoti ziliendelea kuchapishwa, na pengo lingegunduliwa miezi baadaye na mtu anayetafuta rekodi ambayo haipo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna maradhi yanayofichika kama ya faili isiyosomwa kila siku.

Upo ushahidi kwamba mkasa wa 2018 haukuzuka ghafla. Miaka 10 kabla yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, Marekani, walichunguza msimbo wa mifumo ya faili na viendeshi vya diski katika Linux, wakifuata kila kosa linavyopokezwa kutoka tabaka moja hadi jingine. Walikuta sehemu 1,153, sawa na asilimia 13, ambapo taarifa ya kosa iliangushwa njiani bila kushughulikiwa. Kosa liliondoka kwenye diski likiwa kamili, lakini lilipofika juu lilikuwa limekuwa ukimya. Makosa ya kuandika yaliangushwa zaidi kuliko ya kusoma, pengine kwa sababu anayesoma yupo akisubiri jibu, ilhali aliyeandika amekwisha kuondoka.

Chuo hicho hicho kilirejea uwanjani mwaka wa 2020. Watafiti wake waliichukua mifumo mitatu ya faili inayotumika sana katika Linux, yaani ext4, XFS na Btrfs, wakailazimisha kushindwa kuandika, kisha wakatazama jinsi programu tano zinavyojikwamua: Redis, LMDB, LevelDB, SQLite na PostgreSQL. SQLite si jina geni kwa simu. Ndiyo huhifadhi jumbe na majina ya marafiki katika Android. Matokeo hayakufurahisha. Mifumo yote mitatu iliendelea kuzihesabu kurasa zilizokataliwa kuwa safi, na hakuna programu hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa na mbinu ya kutosha katika kila hali.

Sababu mojawapo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa inagusa hata dawa ya kujizima. Katika ext4 na XFS, ukurasa uliokataliwa hubaki kumbukumbuni ukiwa na maneno mapya, ingawa diski ina ya zamani. Programu ikijizima na kuwashwa tena bila kompyuta yenyewe kuzimwa, kumbukumbu ya kiini haiguswi. Programu husoma kumbukumbu hiyo, huyaona maneno mapya, na huamini yako kwenye diski. Katika Btrfs mambo ni kinyume: maneno ya zamani hurejeshwa. Kwa hiyo mwandishi wa programu hawezi hata kutunga kanuni moja ya kujikwamua itakayofaa kote. Sharti ajue ameketi juu ya mfumo gani wa faili.

Kwamba iko njia nyingine si jambo la kinadharia. FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix ulio nje ya ukoo wa Linux, tangu mwaka wa 1999 huziacha kurasa zilizokataliwa zikiwa chafu, ili fsync inayofuata ijaribu kweli. Gharama yake ni ile aliyoitaja Ts'o, ya kumbukumbu kujaa kifaa kikitoweka. FreeBSD iliona gharama hiyo inavumilika. Linux, yenye watumiaji wa kila aina kuanzia simu hadi mitambo ya kisayansi, imekataa.

Hata ukarabati wa Layton na Wilcox una ukingo wake. Namba ya makosa huhifadhiwa kumbukumbuni pamoja na maelezo ya faili, si kwenye diski. Faili ikikaa muda bila kufunguliwa na yeyote, na kumbukumbu ikawa haba, kiini huweza kuyaondoa maelezo hayo, na kosa ambalo halijaonwa na mtu likaondoka nayo.

Ndiyo maana baadhi ya watunzaji wa PostgreSQL wanataka hifadhidata iache kupitisha data katika kumbukumbu ya kiini, iandike yenyewe moja kwa moja kwenye diski na kusubiri jibu, kama zinavyoweza kufanya hifadhidata kadhaa za kibiashara. Kazi hiyo ni ndefu, kwani kumbukumbu ya kiini imekuwa ikibeba mizigo mingi ambayo PostgreSQL haikuwahi kujifunza kuibeba. Toleo la 16 la mwaka 2023 lilikuja na mpangilio wa namna hiyo, lakini kwa majaribio ya wasanifu tu. Toleo la 18 lililotoka Septemba 2025 lilileta utaratibu mpya wa kuwasiliana na diski bila kusubiri, ila ulianza na upande wa kusoma. Katika mipangilio ya kawaida, uandishi wa data bado unapitia mikononi mwa kiini, na mkaguzi bado anauliza kwa fsync.